Saa ya Lori Haijui Usingizi

Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuongea juu ya malaria, maji ya kunywa, chanjo za watoto na chakula cha mama mjamzito. Mwezi huu naomba tuzungumze juu ya uchovu wa dereva wa lori. Uchovu hauonekani kwa darubini wala haupimwi kwa tone la damu, lakini unaua. Huko Marekani, mwaka 2022 peke yake, watu zaidi ya 5,900 walikufa katika ajali zilizohusisha malori makubwa. Wengi wao hawakuwa ndani ya lori. Walikuwa ndani ya magari madogo, juu ya pikipiki, au wakitembea kwa miguu. Si ajali zote hizo zilizoletwa na usingizi, lakini usingizi umo katika orodha ya visababishi, na ni kisababishi ambacho binadamu anaweza kukizuia.

Huenda msomaji akauliza: Marekani yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa sababu wapo watoto wetu, kaka zetu na mashemeji zetu kutoka Kenya, Tanzania na Kongo ambao leo wanakula mkate wao nyuma ya usukani wa malori hayo. Ada ya mtoto, dawa za bibi na bati za nyumba hutoka huko. Tena huko ndiko serikali ilikoamuru kila lori la masafa marefu lifungwe kifaa cha kuandika saa za dereva. Tukiyaona yaliyowapata wao, tutajua la kudai vifaa kama hivyo vikienea huku kwetu.

SHERIA ILIKOTOKA

Sheria ya kuwekea mipaka saa za kuendesha ilianza Marekani katika miaka ya 1930. Kwa hesabu ya sasa, dereva wa mizigo anaruhusiwa kuendesha kwa muda wa saa 11, na saa hizo ziwe ndani ya siku ya kazi isiyozidi saa 14. Kabla ya kuanza siku hiyo lazima awe amepumzika saa 10 mfululizo. Baada ya kuendesha saa 8 lazima aache kuendesha kwa dakika 30. Na kwa juma, akishafanya kazi saa 60 katika siku 7, au saa 70 katika siku 8 kufuatana na mpango wa kampuni yake, haruhusiwi kuendesha tena mpaka saa zake zirudi.

Kwa miaka mingi dereva aliandika saa hizo mwenyewe, kwa kalamu, katika daftari. Kila mtu alijua kwamba madaftari yale yalisema uongo. Wengine walikuwa nayo mawili: moja la kumwonyesha askari, na jingine la ukweli. Madereva wenyewe waliyatania kwa kuyaita vitabu vya katuni. Dereva aliyeendesha usiku kucha aliandika kwamba alikuwa amelala, na bosi aliyempa mzigo usiowezekana kufika kwa wakati hakuuliza kitu.

Mwaka 2012 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuleta kifaa badala ya kalamu. Kanuni zenyewe zilitoka Desemba 2015, na utekelezaji ukaanza tarehe 18 Desemba 2017. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2018, dereva aliyekutwa bila kifaa aliweza kusimamishwa papo hapo asiendelee na safari. Baadhi waliachwa nje ya sheria hiyo, kama malori yenye injini za kabla ya mwaka 2000 na madereva wa safari fupi wanaorudi kituoni kila siku. Chama cha madereva wenye malori yao kilipinga mahakamani. Mwaka 2011 kilikuwa kimeshinda dhidi ya kanuni ya awali, kwa hoja kwamba haikumlinda dereva asisumbuliwe na mwajiri. Safari ya pili, mwaka 2016, kilishindwa.

KIFAA KINAVYOFANYA KAZI

Kifaa hiki kinaunganishwa na injini ya lori. Kinajua injini imewashwa saa ngapi, lori limekwenda maili ngapi na liko wapi. Lori likifika mwendo wa maili 5 kwa saa, yaani kama kilometa 8, kinaandika chenyewe kwamba dereva anaendesha. Likisimama dakika tano, kinamwuliza dereva kama bado yuko katika hali ile ile. Asipojibu, kinaandika kwamba yuko kazini bila kuendesha. Dereva anabaki na hali nne za kuchagua: nje ya kazi, kitandani ndani ya lori, anaendesha, au yuko kazini haendeshi. Saa alizoendesha hawezi kuzifuta.

Jambo kubwa la kukumbuka ni lile la saa 14. Dereva akianza kazi saa 12 asubuhi, siku yake ya kuendesha inakwisha saa 2 usiku, hata kama ametumia saa tano amekaa kwenye foleni ya kupakia. Saa hiyo haisimami kwa kuwa yeye amesimama.

FAIDA ZAKE

Tuwe wakweli. Kifaa hiki kimeleta mema. Kabla yake, bosi aliweza kumwambia dereva, "Wewe fika tu, daftari utajua mwenyewe la kufanya." Leo dereva anaweza kujibu, "Saa zangu zimekwisha, mashine haiwashi ruhusa." Maneno hayo yana nguvu kuliko malalamiko ya mtu mmoja anayeogopa kufukuzwa. Kanuni za mwaka 2015 zinakataza kampuni kukitumia kifaa kumsumbua dereva aendeshe akiwa amechoka, na zinataka sauti yake iweze kuzimwa dereva anapolala. Iko pia kanuni ya zamani inayokataza mtu kuendesha akiwa mgonjwa au amechoka, hata kama saa zake bado zipo.

Na udanganyifu umepungua kweli. Wataalamu watatu wa vyuo vikuu vya Marekani, Alex Scott, Andrew Balthrop na Jason Miller, walichunguza kumbukumbu za serikali za kabla na baada ya amri hiyo. Waliona kwamba makosa ya kuzidisha saa yalipungua sana, hasa katika kampuni ndogo zilizokuwa zikitumia kalamu.

Lakini hao hao waliona na jambo la pili. Ajali hazikuonekana kupungua. Tena katika kampuni ndogo makosa ya kuendesha vibaya, kama vile kwenda mwendo wa kasi, yaliongezeka. Dereva aliyekuwa akiiba saa sasa alikuwa akikimbizana na saa. Hapo ndipo penye kiini cha maoni yangu.

MWILI HAUFUATI HESABU YA MASHINE

Kifaa kinahesabu kazi. Hakihesabu usingizi. Mtu anaweza kuwa na saa 10 za mapumziko katika kumbukumbu na asilale hata tatu, kwa sababu ya joto ndani ya kabini, kelele za injini za majirani, simu ya nyumbani, au wasiwasi wa deni.

Mfano mmoja unajulikana na watu wengi. Usiku wa mwezi Juni 2014, katika barabara kuu ya New Jersey, lori liligonga kwa nyuma gari lililombeba mchekeshaji Tracy Morgan. Yeye aliumia vibaya na mwenzake mmoja akafa. Wachunguzi wa serikali walikuta kwamba dereva wa lori alikuwa macho kwa zaidi ya saa 28. Alikuwa ameendesha gari lake mwenyewe usiku kucha kutoka nyumbani hadi kazini, kisha akaanza zamu. Kwa hesabu ya sheria, saa 14 za siku yake ya kazi zilikuwa bado hazijakwisha. Kwa hesabu ya mwili wake, zilikuwa zimekwisha siku nyingi.

Wataalamu wa usingizi walikwisha kutuonya. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi kwa uzito ule ule wa mtu mwenye pombe ya kiasi cha asilimia 0.05 katika damu, kiasi ambacho katika nchi nyingi humfikisha dereva mahakamani. Mwili nao una ratiba yake. Usingizi huwa mzito kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri, na hurudi tena kidogo mchana baada ya chakula. Mtu aliyelazimika kupumzika mchana kwa kuwa saa zake zimekwishia hapo, kisha akaanza kuendesha saa 6 usiku kwa kuwa saa zake zimerudi, hana kosa mbele ya kifaa, lakini anaendesha katika saa mbaya kuliko zote.

Zamani dereva aliyesikia macho mazito saa 7 mchana aliweza kuegesha, akalala saa mbili, akaendelea. Sheria ya saa 14 ilikuwepo, lakini kalamu ilimvumilia. Mashine haikumvumilia: akilala saa mbili, amezipoteza saa mbili za mshahara. Ni kweli kwamba tangu Septemba 2020 sheria imelegezwa. Dereva anaweza kuzigawa saa 10 zake za mapumziko, saa 7 kitandani na 3 wakati mwingine, na saa 14 zikasimama katika vipindi vyote viwili. Hilo ni jema. Lakini usingizi wa saa moja pale macho yanapodai bado haumsimamishii saa.

ANAYESUBIRI HALIPWI

Sasa tuje kwenye shina la jambo. Madereva wengi wa masafa marefu wa Marekani hulipwa kwa maili. Lori lisipotembea, mfuko hautembei. Tena sheria ya kazi ya mwaka 1938, inayompa mfanyakazi malipo ya ziada akizidisha saa 40 kwa juma, inawaacha nje madereva wa malori wanaovuka majimbo.

Fikirini dereva aliyefika bohari saa 2 asubuhi kupakia. Anaambiwa asubiri. Kwa desturi ya biashara hiyo, saa mbili za kwanza za kusubiri hazilipwi. Saa ya tatu huenda ikalipwa, huenda isilipwe. Saa 8 mchana anapewa mzigo. Saa sita zimekwenda katika zile 14, na mwenye mzigo bado anautaka ufike kesho asubuhi. Mtu huyu atafanya nini? Atakanyaga mafuta. Ataacha kula. Atapita kituo cha kujisaidia bila kusimama.

Mwaka 2018 ofisi ya mkaguzi mkuu wa wizara ya uchukuzi ya Marekani ilitoa taarifa juu ya kusubiri huku. Ilisema kwamba muda wa wastani wa kukaa bohari ukiongezeka dakika 15 tu, kiwango cha ajali kinatarajiwa kupanda kwa asilimia 6.2. Ilisema pia kwamba madereva wanapoteza zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka kwa kusubiri. Mwenye bohari hana kifaa kinachomhesabia yeye. Mashine imefungwa kwa mnyonge wa mwisho katika mnyororo, na wale wanaomchelewesha hawana wa kuwauliza.

MBIO ZA KUTAFUTA MAHALI PA KULALA

Saa 14 zikikaribia kwisha, dereva lazima apate mahali pa kuegesha. Lori lenye trela haliegeshwi uchochoroni. Katika uchunguzi wa serikali wa mwaka 2019, madereva 98 kati ya 100 walisema wanapata shida ya kupata maegesho salama. Jioni vituo vimejaa. Anayeegesha mapema anapoteza mshahara, na anayechelewa analala kando ya barabara.

Hatari hiyo si ya kubuni. Mwezi Machi 2009, katika jimbo la South Carolina, dereva mmoja aliyewahi kufika na mzigo wake, na ambaye hakuruhusiwa kuingia mapema, aliegesha kwenye kituo cha mafuta kilichoachwa. Aliuawa kwa risasi na kuibiwa dola 7. Mke wake alikuwa mjamzito. Mjane huyo alipigania mpaka sheria ya maegesho ikapitishwa mwaka 2012, nayo inaitwa Sheria ya Jason, kwa jina la marehemu. Ni sheria ile ile kubwa iliyoleta kifaa. Lakini tazameni tofauti: amri ya kifaa ilitekelezwa nchi nzima na ina adhabu, wakati maegesho hayajatosha hata leo. Mtu ameamriwa alale, hakupewa pa kulala.

MAGONJWA YA KITINI

Taasisi ya serikali ya Marekani ya usalama na afya kazini iliwahoji madereva 1,670 wa masafa marefu katika mwaka 2010. Matokeo yake yanasikitisha. Madereva 69 kati ya 100 walikuwa na unene wa kupita kiasi, wakati kwa wafanyakazi wengine ilikuwa 31 kati ya 100. Waliovuta sigara walikuwa 51 kati ya 100, na kwa wengine 19 tu. Unene, sigara na kukaa kitini mchana kutwa ni mlango wa presha, kisukari na maradhi ya moyo.

Upo pia ugonjwa wa kuziba pumzi usingizini. Mgonjwa hukoroma sana, kisha pumzi inakatika kwa sekunde kadhaa, anashtuka, analala tena, mara nyingi kwa usiku mmoja bila kujua. Asubuhi anaamka amechoka kana kwamba hakulala. Huwapata zaidi watu wanene, na dereva mwenye ugonjwa huu anaweza kukaa kitandani saa 10 zote za sheria na bado akasinzia njiani. Kifaa kitaandika kwamba amepumzika. Ugonjwa huu unatibika, lakini madereva wengi huuficha kwa kuogopa kunyimwa cheti cha afya, na pamoja nacho kazi.

MAONI YANGU

Sisemi kwamba vifaa viondolewe. Anayetaka kurudi kwenye kalamu anataka kurudi kwenye uongo, na uongo ule ulizika watu. Ninachosema ni kwamba kumhesabia mtu saa bila kumlipa saa ni haki ya upande mmoja. Ikiwa serikali inaweza kujua kwa mashine kwamba dereva alisubiri bohari saa sita, basi mashine hiyo hiyo iwe shahidi wa mshahara wake wa saa sita. Kumbukumbu zipo tayari. Kinachokosekana ni nia.

Umoja wa Ulaya umeonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Kanuni yao ya mwaka 2006 inamtaka dereva apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa 4 na nusu. Pia inakataza kampuni kumlipa dereva kwa umbali au kwa wingi wa mizigo ikiwa malipo hayo yanahatarisha usalama barabarani. Hapo wametambua kwamba uchovu unaanzia katika namna ya kulipa, kabla haujafika machoni.

Kwetu nako kazi hii inafaa itazamwe mapema. Nchini Tanzania mabasi ya mikoani yamefungwa vifaa vya kufuatilia mwendo vinavyosimamiwa na LATRA. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini dereva anayelala chini ya lori mpakani akisubiri karatasi, kisha akaambiwa afidie siku zilizopotea, hataponywa na kifaa. Tukiagiza mashine tuagize na mishahara ya kusubiri, maegesho yenye taa, maji na choo.

FAMILIA IFANYE NINI

Wapenzi wasomaji, wenye ndugu anayeendesha lori, huku au ng'ambo, zingatieni haya:

1. Ulizeni kwanza kama anaendesha. Kama anaendesha, kateni simu. Habari ya ada au ya ugomvi wa shamba ingoje mpaka ameegesha.

2. Jueni saa zake za kulala na mziheshimu kama mnavyoheshimu saa za kazi. Mchana wetu huenda ni usiku wake.

3. Mke au ndugu aliyelala naye nyumba moja ndiye anayejua kama anakoroma na kukatika pumzi. Msicheke. Mshaurini aende kwa daktari mapema.

4. Apime presha na sukari kila apatapo nafasi, na abebe chakula cha nyumbani badala ya chipsi na soda za njiani. Anywe maji. Wapo wanaojinyima maji ili wasisimame, na figo ndizo zinazolipa.

5. Kahawa na kufungua dirisha haviondoi usingizi. Vinauficha kwa muda mfupi. Akisikia macho mazito, akivuka mstari wa barabara, au asikumbuke maili za mwisho alizopita, aegeshe mahali salama na alale, hata kama saa zake bado zipo.

6. Msimhesabie fedha kwa ukali. Dereva anayejua kwamba nyumbani watamlaumu kwa kutuma kidogo ndiye atakayeendesha akiwa amechoka.

Hili la mwisho lina uzito kuliko yote. Wengi wetu tunapokea fedha zilizotoka katika maili hizo, na simu zetu za kuomba zinaweza kuwa mzigo mmoja zaidi ndani ya lori. Mwezi huu, badala ya kumwuliza atatuma lini, mwulizeni jana alilala saa ngapi.